Sheria ya Maji Yataka Msimamizi

Sisi tuliokaa mkekani mbele ya mwalimu wa chuo kabla ya kukaa kwenye dawati la shule ya Serikali, tulifundishwa mapema namna ya kuyapima maji. Mwalimu hakuwa na chupa za maabara wala darubini. Alituambia tutazame mambo matatu: rangi, harufu na ladha. Maji yakiingiwa na najisi, na moja kati ya hayo matatu likageuka, basi hayafai tena kutawadhia wala kufulia nguo ya kusalia. Hukumu ilikuwa papo hapo. Mwalimu hakusema tungoje mpaka fungu lipatikane au mpaka kamati ikae.

Baadaye shuleni tukasoma kwamba maji yaweza kuwa maangavu, yasiyo na harufu, yenye ladha tamu, na humo humo yakabeba kipindupindu na homa ya matumbo. Kwa sababu hiyo mataifa ya leo hayatosheki na macho na pua. Yametunga sheria, yameweka viwango, yameajiri maofisa wa kupima, na mara nyingi yameweka hata tarehe ambayo kazi fulani lazima iwe imekamilika. Hapo ndipo lilipo swali letu la leo. Tarehe iliyowekwa na sheria inapopita, kazi haijafanyika, na aliyechelewa ni Serikali yenyewe au chombo chake, ni nani mwenye haki ya kumwuliza?

Swali hili linatugusa sisi tunaotumikia Chama, wala hatutalikwepa. Tumezoea kusema kwamba Serikali ni ya wananchi, na kwamba kumpeleka mahakamani mtumishi wa wananchi ni sawa na mtu kujishtaki mwenyewe. Wako miongoni mwetu waliokwenda mbali zaidi, wakamwita mkorofi mwananchi aliyefungua kesi ya namna hiyo, na wakamwona jaji aliyeiamuru Serikali kuwa ametoka nje ya mipaka yake. Sisi wenyewe tuliwahi kuwa na rai hiyo. Leo twapenda kueleza kwa nini tumeiacha. Tutaanza mbali na kwetu, kwa mkasa ambao habari zake zimeandikwa wazi katika hukumu za mahakama, kisha turudi nyumbani.

Ghuba ya Manila iko upande wa magharibi wa kisiwa cha Luzon, nchini Ufilipino. Pwani yake ina urefu wa kilomita 190 hivi, na kandoni mwake umekaa mji mkuu wa nchi hiyo, ambao pamoja na miji iliyoungana nao una watu zaidi ya milioni kumi. Zamani ghuba hiyo ilikuwa mahali pa kuvua na kuogelea, na machweo yake ya jua yalivuta wageni. Lakini mto Pasig unaopita katikati ya jiji, pamoja na mito mingine na mifereji, ukawa unamwaga humo majitaka ya majumbani na ya viwandani, na takataka za watu waliojenga vibanda ukingoni mwa maji kwa kukosa mahali pengine pa kukaa. Meli nazo zikaongeza zake.

Nchi hiyo haikukosa sheria. Ilikuwa na Kanuni ya Maji ya mwaka 1976 na Kanuni ya Mazingira ya mwaka 1977. Tena kila idara ilikuwa na sheria iliyoitaja kazi yake. Idara ya mazingira ilipewa kusimamia ubora wa maji, idara ya ujenzi ilipewa mifereji, mamlaka ya maji ilipewa mabomba ya majitaka, Wizara ya Afya ilipewa makaro, walinzi wa pwani walipewa meli, na serikali za mitaa zilipewa viwanda na nyumba zilizo kando ya mito. Kazi iligawanywa kwa wengi, na kila mmoja akamtazama mwenzake. Miaka ikapita, na maji yakazidi kuwa meusi.

Tarehe 29 Januari 1999 kundi la wakazi lilifungua kesi katika mahakama ya mkoa iliyoko mjini Imus, katika jimbo la Cavite. Waliomba vyombo vya Serikali viamriwe kuisafisha ghuba, na viletwe mbele ya mahakama vikiwa na mpango mmoja wa pamoja wa kuifanya kazi hiyo. Katika ushahidi, mtaalamu wa idara ya mazingira, yaani mtu wa upande wa Serikali, alieleza kwamba maji yaliyochotwa kwenye fukwe za kuogelea yalikutwa na vijidudu vya kinyesi kwa hesabu ya kati ya 50,000 na 80,000. Kiwango kilichoruhusiwa na kanuni za idara hiyo hiyo kilikuwa 200. Maji yalikuwa yamepita kiwango kwa mara nyingi mno, na aliyepima ndiye aliyekuwa na wajibu wa kuzuia.

Twaomba msomaji azitazame hoja walizotoa watetezi wa vyombo hivyo, maana si ngeni masikioni mwetu. Hoja ya kwanza ilikuwa kwamba sheria iliwataka kusafisha pale tu panapotokea ajali mahsusi ya uchafuzi, kama vile kumwagika kwa mafuta, wala haikuwataka kusafisha uchafu wa kila siku. Hoja ya pili ilikuwa kwamba kusafisha ghuba ni jambo la hiari ya watawala, linalotaka kupima fedha, watu na wakati. Kwa hiyo hakuna jaji awezaye kuliamuru.

Mahakama ya mkoa ilizikataa hoja hizo mwaka 2002. Mahakama ya Rufani nayo ilizikataa mwaka 2005. Tarehe 18 Desemba 2008 Mahakama ya Juu ya Ufilipino ikatoa neno la mwisho, karibu miaka kumi tangu kesi ifunguliwe. Ilieleza tofauti moja ambayo kwa maoni yetu ndiyo moyo wa jambo zima. Namna ya kuifanya kazi, ilisema Mahakama, inaweza kuwa katika hiari ya mtendaji: mtambo ujengwe wapi, bomba lipite njia gani, mtaa upi utangulie. Lakini kufanya au kutofanya hakumo katika hiari yake, maana sheria imekwisha kuamua. Na kuhusu ajali, Mahakama iliona kwamba uchafu unaoingia kila siku kutoka kila upande hauwezi kuwa na upungufu wa dharura kuliko uchafu wa siku moja.

Hoja hiyo haihitaji mwanasheria kuielewa. Mzazi akimtuma kijana wake kuteka maji kisimani, kijana anaweza kuchagua ndoo na njia ya kupita. Akirudi jioni mikono mitupu na kusema kwamba kuteka maji kulikuwa ni hiari yake, hakuna mzee atakayemkubalia.

Mahakama ya Juu haikuishia kutoa hukumu na kufunga jalada. Ilichukua utaratibu uliotangulia kutumiwa na Mahakama ya Juu ya India, ambapo amri ya kutimiza wajibu hubaki hai mpaka kazi ionekane imefanyika. Kila chombo kilitajwa kwa jina pamoja na kazi yake. Serikali za mitaa zikague viwanda na nyumba za kandokando ya mito kama zina mahali pa kusafishia majitaka. Mamlaka ya maji ijenge na kuendesha mitambo. Wizara ya Afya ihakikishe kwamba wanyonyaji wa makaro wana mahali halali pa kumwaga. Hata Wizara ya Elimu ilitakiwa kuingiza habari za usafi wa maji katika masomo ya watoto. Na kila baada ya miezi mitatu, kila mmoja alete mbele ya Mahakama taarifa ya aliyoyafanya.

Taarifa zilipoanza kuja, Mahakama iligundua jambo ambalo kila aliyewahi kuwa katibu wa kikao analijua. Zilikuwa nene, kila moja ikiwa na mtindo wake, na nyingi hazikuonyesha tarehe ya kumaliza kitu chochote. Basi mwezi Februari 2011 Mahakama ilitoa azimio jipya, likitaja tarehe za kila hatua. Baadhi ya majaji wenyewe hawakukubali. Walisema kwamba hapo wenzao walikuwa wamevuka mpaka, wakaingia katika kazi ya Rais na mawaziri wake, na kwamba mgawanyo wa madaraka haumruhusu jaji kuwa mkuu wa idara ya mifereji.

Hoja hiyo ni nzito, na anayeipuuza hajafikiri. Jaji hakuchaguliwa kupanga bajeti. Hana wahandisi, hana matingatinga, na hajui ni kijiji gani kinachohitaji zahanati kabla ya mtaro. Jaji akipewa kazi ya kutawala, hakuna wa kumwuliza akikosea. Sisi tunaoamini kwamba nchi huongozwa na watu waliokabidhiwa dhamana na umma hatuwezi kuitupa hoja hii. Lakini yafaa tuulize: azimio lile lilitunga sera mpya? Halikutunga. Sera ilikuwa imetungwa tangu mwaka 1977 na watawala wenyewe. Kilichotakiwa ni kwamba maneno waliyoyaandika watawala yawe na siku ya kutimia. Ahadi ni deni, na kumkumbusha mdaiwa deni lake si kumnyang'anya mali.

Je, ghuba ilisafishika? Tutasema kweli: haijasafishika kama sheria ilivyotaka. Januari 2019, zaidi ya miaka kumi baada ya hukumu, Serikali ya nchi hiyo ilianzisha kampeni kubwa ya usafi. Hoteli na majengo yaliyokuwa yakimwaga majitaka moja kwa moja yalifungiwa mifereji, na mahali pengine hesabu ya vijidudu ilishuka. Lakini mwaka 2020 watu walishangaa kuona kipande cha pwani ya jiji kikimwagiwa mchanga mweupe uliosagwa kutokana na mawe ya dolomaiti, katika mradi uliotajwa kuwa wa peso milioni 389. Wataalamu wengi walisema waziwazi kwamba mchanga wa kupendeza macho hausafishi maji yaliyo mbele yake. Ndivyo ilivyo mahali popote ambapo kuonekana kumefanya kazi ni rahisi kuliko kuifanya.

Hata hivyo kesi hiyo imezaa matunda ambayo hayaonekani katika rangi ya maji peke yake. Mwaka 2004 Bunge la Ufilipino lilipitisha Sheria ya Maji Safi, iliyozipa mamlaka za maji za miji mikubwa miaka mitano kuunganisha nyumba na mabomba ya majitaka. Muda huo uliisha mwezi Mei 2009, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa bado. Tarehe 6 Agosti 2019 Mahakama ya Juu iliikuta na hatia mamlaka ya maji ya Serikali, pamoja na makampuni mawili yanayoendesha huduma hiyo mjini Manila, na ikawatoza faini iliyohesabiwa kwa kila siku tangu siku ya kwanza ya kuchelewa. Jumla ilipita peso milioni 900 kwa kila kampuni likiwa pamoja na mamlaka. Ilipoombwa kufikiri upya, Mahakama ilipunguza kiasi hicho, lakini hatia haikuifuta. Funzo lililobaki ni kwamba kuchelewa nako kuna gharama, na gharama hiyo huhesabiwa kwa siku.

Wako watakaosema kwamba huo ni mfano wa nchi maskini yenye mambo mengi. Basi tuutazame mji wa Boston, Marekani. Sheria ya Maji Safi ya nchi hiyo, iliyopitishwa mwaka 1972, ilizitaka mamlaka za miji ziwe na usafishaji kamili wa majitaka ifikapo Julai 1977. Chombo kilichokuwa na dhamana ya majitaka ya Boston hakikujenga mitambo iliyotakiwa. Kilitumia miaka mingi kuomba kisamehewe sharti hilo, huku kinyesi na tope lake vikiendelea kumwagwa bandarini. Mwaka 1982 mji jirani wa Quincy, ambao fukwe zake zilikuwa zikipokea uchafu huo, ulifungua kesi.

Jaji wa jimbo, Paul Garrity, alifika mahali pa kuzuia majengo mapya kuunganishwa na mabomba ya majitaka. Ujenzi ulipotishiwa kusimama, Bunge la jimbo la Massachusetts likapata usikivu uliokosekana kwa miaka mingi, na mwezi Desemba 1984 likaunda mamlaka mpya yenye uwezo wa kukopa na kutoza ada. Baadaye kesi nyingine ikawa mbele ya jaji wa shirikisho, David Mazzone. Yeye aliweka ratiba mwaka 1986, akataka taarifa kila mwezi, akazisoma. Tope liliacha kumwagwa baharini mwezi Desemba 1991. Mwezi Septemba 2000 njia ya chini ya bahari yenye urefu wa kilomita 15 hivi ilianza kupeleka mbali maji yaliyokwisha kusafishwa. Kazi yote iligharimu karibu dola bilioni nne, na sehemu kubwa ililipwa na wakazi wenyewe katika ankara zao. Leo watu wanaogelea katika fukwe zile.

Tukilinganisha miji hiyo miwili, hatuoni kwamba majaji wa Boston walikuwa hodari kuliko wa Manila. Twaona kwamba huko Boston tarehe, fedha na mtu mmoja wa kujibu vilikutana mahali pamoja, na taarifa zikaulizwa kila mwezi bila kuchoka. Manila majibu yaligawanyika kwa vyombo zaidi ya kumi, na fedha haikufuatana na amri. Jaji anaweza kuuliza na kuadhibu, lakini hawezi kuchimba mtaro. Usimamizi wa mahakama hufaa pale unapomkuta mtendaji aliye tayari kutenda, au unapomfanya asiye tayari aone kwamba kukaa kimya ni ghali kuliko kufanya kazi.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliushtaki uongozi wa Jiji mbele ya Mahakama Kuu kwa sababu ya jalala lililowajazia moshi na uvundo. Mahakama iliamuru utupaji wa taka ukome. Jiji likarudi kuomba muda, likapewa, likarudi tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alichoka kusikia. Alikataa kuongeza muda, akastaajabu kwamba chombo cha umma kinaweza kuja mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha watu, na akakumbusha kwamba Katiba yetu inalinda haki ya kuishi.

Hukumu ile ilikuwa ya heshima, na twajivunia kwamba ilitolewa na jaji wetu kabla ya ile ya Manila. Lakini tazameni kilichofuata. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko karibu mia nane wakaenda mahakamani nao, wakashinda. Taka zikahamia Vingunguti. Mahakama ilikuwa imesema mahali ambapo uchafu usikae. Hakuna aliyebaki na jukumu la kusimamia, hatua kwa hatua, kwamba patafutwe mahali halali, pajengwe inavyopasa, na watu waliokuwa jirani wasidhurike. Amri isiyo na msimamizi iliuhamisha uchafu kutoka kwa mwenye sauti na kuupeleka kwa yule aliyekuwa bado hajapaza yake.

Tangu wakati huo tumepata sheria bora. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kwamba kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inampa haki ya kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa. Inakataza shughuli zinazoweza kuharibu ndani ya mita sitini kutoka kwenye vyanzo vya maji. Mwaka 2009 tukapata Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, yenye mabodi ya mabonde na vibali vya kutiririsha majitaka. Karatasi zetu ni nzuri. Tukizipeleka Manila, huko wangezisoma kwa wivu.

Lakini tutoe ushahidi dhidi yetu wenyewe. Katika wilaya moja tuliyowahi kuitumikia, kulikuwa na machinjio yaliyojengwa juu ya kijito. Damu, samadi na maji ya kuoshea matumbo vilishuka kijitoni, na kina mama wa kitongoji cha chini waliteka maji hapo hapo. Jambo hilo lililetwa kwenye kikao. Mtaalamu akasema shimo la kutulizia majitaka litachimbwa. Sisi ndio tulioandika kumbukumbu, na tuliandika: utekelezaji unaendelea. Katika kikao kilichofuata tuliandika maneno yale yale. Tulipoondoka wilayani na kukabidhi mafaili, tulihesabu vikao saba ambavyo maneno hayo mawili yalirudiwa, kwa mwandiko wetu, na shimo halikuwa limechimbwa.

Mama mmoja wa kitongoji kile alitukuta siku ya mnada akatuuliza, kwa adabu na kwa kutuita mwanangu, kama ni kweli kwamba jambo lao liko ofisini. Tulimjibu kwamba liko. Akasema, "Basi mwambieni huko ofisini ashuke aje anywe." Hatukuwa na jibu. Hakuna aliyetudanganya katika vikao vile. Hata mtaalamu alikuwa mtu mwema asiye na fungu. Kosa lilikuwa kwamba hapakuwa na tarehe, na hapakuwa na mtu nje ya chumba kile mwenye uwezo wa kutuuliza. Tulijiuliza wenyewe na kujijibu wenyewe, na mwenye kujisahihisha daftari lake hapati alama mbaya.

Ndiyo maana tumeiacha rai yetu ya zamani. Kusema kwamba Serikali ni ya wananchi hakuiondolei Serikali wajibu wa kuulizwa. Ni kwa sababu ni ya wananchi ndiyo maana inaulizwa, kama vile msimamizi wa mali ya yatima anavyoulizwa na kadhi, hata akiwa mtu mwaminifu. Aliyeshika amana hatakiwi kuona haya kuonyesha hesabu. Haya ni ya yule asiyekuwa nayo. Na jaji anapoiuliza Serikali kwa sheria iliyotungwa na Bunge la wananchi, anatetea neno la wananchi lisigeuke kuwa pambo la rafuni.

Tuna mapendekezo machache. Kwanza, kila amri ya mahakama inayohusu maji iwe na tarehe za hatua na siku ya kurudi mahakamani kueleza, ili wananchi wasilazimike kufungua kesi mpya kila mara. Pili, amri imtaje mwenye cheo cha kujibu. Neno "vyombo husika" lina mahali pengi pa kujificha. Tatu, taarifa ya utekelezaji ipelekwe mahakamani na nakala yake ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji au mtaa, kwa lugha ya Kiswahili, ili mtu wa kijitoni aweze kuisoma na kusema kama ni kweli. Nne, halmashauri isiruhusiwe kuomba muda zaidi bila kuonyesha ilifanya nini na muda wa kwanza. Tano, amri ifuatane na fungu. Madiwani wanaopitisha bajeti bila fungu la mtaro ulioamriwa wajue kwamba nao wanachelewesha.

Twasema pia kwa wenzetu wa Chama: tusingoje mahakama. Kesi ya Manila ilichukua miaka kumi kufika kwenye neno la mwisho, na mtoto aliyekuwa akinyonya ilipofunguliwa alikuwa darasani ilipohukumiwa. Mahakama ni mlango wa mwisho. Milango ya mwanzo ni kikao cha mtaa, mkutano wa kijiji, kamati ya maji na diwani. Ikifanya kazi, jaji hatakuwa na la kuamua. Ikilala, tusimlaumu mwananchi akipita mbele yetu kwenda kubisha kwingine. Asiyeziba ufa atajenga ukuta, na ukuta wa maji machafu hujengwa kwa vitanda vya hospitali.

Mwisho, twawakumbusha makatibu wa vikao wenzetu jambo dogo lililo katika uwezo wao leo hii, bila kungoja sheria wala fungu. Msiandike tena kwamba utekelezaji unaendelea. Andikeni ni nini kimefanyika, nani amekifanya, kimebaki nini, na kitakwisha tarehe ngapi. Kisha tarehe hiyo ikifika, fungueni daftari na mwulize. Sisi hatukuuliza, na kijito kile kimeendelea kushuka.